Nilimsema staa kwa kuziba mdomo, mimba ikanifanya nizibe wangu

Najua mmekuwa mkiniuliza sana inboksi. Mbona umepotea? Mbona picha zote za mimba umeziba mdomo na kiganja kama mtu aliyeona nyoka? Mbona zile video za ubuyu wa Ijumaa zimekata ghafla? Wengine mkaenda mbali zaidi, mkasema nimeachika. Wengine mkasema nimepigwa nikang'olewa jino. Nimewasoma wote. Sikujibu kwa sababu sikuwa na mdomo wa kujibia, na hapo sisemi kwa mafumbo.

Leo nawaletea ubuyu, ila leo mwenye ubuyu ni mimi mwenyewe. Mkinivumilia mpaka mwisho mtaona kuna mtu mmoja ananidai samahani, na nimeona niitoe hapa hapa nilipomkosea.

Twende taratibu.

Mimba yangu ilinipa uchu wa vitu vitatu: ubuyu mwekundu, mbilimbi zenye chumvi na pilipili, na udongo, ule wa vijiti unaouzwa sokoni Tandika. Chakula cha kueleweka kilikuwa hakikai tumboni. Na kitu kimoja nilikichukia kuliko vyote, dawa ya meno. Nikiweka tu mswaki mdomoni, natapika. Basi nikaanza kukwepa. Asubuhi nasukutua maji, usiku nalala hivyo hivyo. Nikajiambia si mambo ya mimba tu, nikijifungua nitarudia usafi wangu.

Mwezi wa tatu wa mimba, siku nikijitahidi kupiga mswaki, nikaanza kuona wekundu kwenye povu. Nikasema ah, ubuyu huo. Si unajua ule wenye rangi ukila ulimi wote unakuwa kama umepakwa lipstiki. Nilijidanganya hivyo kama wiki mbili, mpaka siku moja nimeamka, sijala ubuyu wala nini, nikatema mate kwenye karo la uani na mate ni mekundu. Hapo ndiyo nikajua ile ni damu yangu.

Mwezi wa nne kikaota. Mwanzoni kilikuwa kama punje ya mtama, kati ya meno mawili ya mbele, juu. Baadaye kikawa kama punje ya hindi. Kufika mwezi wa tano kilikuwa na ukubwa wa mbegu ya ubuyu kabisa, kinyama chekundu, kinang'aa, laini, kimening'inia kutoka kwenye ufizi na kuanza kufunika jino. Hakiumi hata kidogo. Ila ukikigusa na ulimi kinavuja damu. Ukila mkate wenye ganda gumu, damu. Ukicheka sana, damu.

Sasa nyumba tunayokaa huku Mbagala Charambe ni ya vyumba sita, bafu moja, karo moja. Siri haina pa kukaa. Mama wa chumba cha mbele ndiye aliyekiona wa kwanza tukiwa tunafua. Akaacha nguo kwenye beseni, akanishika kidevu bila hata kuniomba ruhusa.

"We dada, hii kansa. Kuna ndugu yangu ilimuanza hivi hivi."

Wa chumba cha tatu akasema nimekiuka mwiko, nimemcheka mtu mwenye kasoro nikiwa na mimba. Na kuna mmoja hakusema kitu mbele yangu. Alisubiri nimeingia ndani, halafu nikamsikia dirishani akisema kwa sauti ile ya kunong'ona inayosikika kuliko ya kawaida: "Ngoma hiyo. Huwa inaanzaga mdomoni."

Jamani, maneno hayo yalinikata miguu. Nilikuwa nimeshapima kliniki siku ya kwanza, mimi na baba kijacho, tuko salama wote wawili. Lakini huwezi kutoka nje ukaanza kusomea watu kadi yako ya kliniki. Nikaona dawa ni kuziba mdomo tu. Nikawa naongea mkono uko mdomoni, nacheka mkono uko mdomoni. Na kliniki nilikuwa naenda kila tarehe niliyopangiwa, napimwa uzito, presha, damu, tumbo, narudi nyumbani. Mdomo hakuna aliyeuliza, na mimi sikusema. Nilikuwa najua kuna kitu, na nilikuwa naogopa kukipa jina.

Shangazi yangu wa Mwananyamala nilimweleza kwa simu. Akaniambia, "Mwanangu, nenda popote ila kwa watu wa meno usiende. Mjamzito hang'olewi jino, wala hachomwi sindano ya ganzi, utapoteza kiumbe." Na mimi kwa uoga wangu nikaona hiyo ruhusa nimepewa. Nikabaki nyumbani.

Halafu ikaja ile sendofu ya rafiki yangu, ukumbini huko Kinondoni. Nikavaa sare, nikapaka poda, nikaenda. Nilikaa meza ya nyuma, ila mpiga picha hana huruma. Kesho yake picha ziko Instagram, na mimi nipo kwenye ya nne: vidole vinne vimeziba midomo, kidole gumba kiko shavuni, macho yanacheka peke yake. Chini yake mtu wa kwanza kabisa kaandika: "Mbona anaziba mdomo huyu, au ndo mambo yale?"

Niliisoma ile sentensi mara tatu. Sikuumia kwa sababu ni kali. Niliumia kwa sababu naijua. Ni ya kwangu.

Wale wa zamani humu mtakumbuka. Mwaka juzi niliweka posti kuhusu staa mmoja wa filamu zetu aliyekuwa mjamzito. Sikumtaja jina, kama kawaida ya blogu hii, ila nilitoa dalili za kutosha mpaka hata asiyeangalia muvi akamjua. Niliweka picha zake nne, zote kaziba mdomo na mkono, halafu nikauliza: mbona anaziba mdomo, au ndo mambo yale? Basi. Sikusema mambo gani. Niliwaachia ninyi, na ninyi hamkuniangusha. Mlisema kapigwa na bwana wake. Mlisema meno yameoza kwa unga. Mlisema ngoma. Ile ndiyo posti iliyosomwa kuliko zote nilizowahi kuandika, na hela yake ya matangazo ndiyo niliyonunulia simu ninayoandikia sasa hivi. Baada ya siku chache yule dada alifunga akaunti yake, akakaa kimya mpaka alipojifungua. Nikaandika na hilo pia, eti "Ukimya wa staa huyu wazua maswali."

Usiku ule wa ile picha sikulala. Nikasema leo hiki kitu kinatoka. Mama mmoja pale nyumbani alikuwa ameshanielekeza kwamba kinyama ukikifunga uzi kwenye shina kinakauka na kudondoka chenyewe kama kitovu cha mtoto. Saa nane usiku nikachukua uzi wa kushonea, kioo kidogo na tochi ya simu, nikakifunga, nikavuta.

Wadau, damu iliyotoka pale sitaki hata kuikumbuka. Haikuwa ya kudondoka, ilikuwa ya kutiririka. Nililowanisha kanga nzima. Baba kijacho akashtuka usingizini, akawasha taa, akanikuta nimekaa chini na kanga nyekundu mdomoni. Alidhani mimba imetoka. Mpaka namwonyesha ni mdomo, mtu anatetemeka mikono. Tukakikandamiza na kitambaa safi, yeye anashika, mimi nimeinama mbele nateme, kama robo saa hivi ndiyo ikakata. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Kesho hospitali. Na shangazi asiulizwe."

Asubuhi tukaenda kitengo cha meno cha hospitali moja ya serikali huku kwetu Temeke. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Dokta alikuwa dada mtu mzima, mpole, akaniuliza mimba ina miezi mingapi, kinyama kilianza lini, kinakua kwa kasi gani, nimepima nini na nini kliniki. Akaomba kadi yangu akaisoma. Akavaa glovu, akaangalia, akakigusa kidogo, akaangalia na fizi nyingine zote mpaka za nyuma. Halafu akaniambia neno ambalo sikulitegemea kabisa.

"Hivi tunaviona mara kwa mara, mama. Kinaitwa uvimbe wa ujauzito. Kwa ninavyokiona si kansa, na hakimgusi mtoto tumboni."

Nililia pale kwenye kiti. Miezi miwili ya kuziba mdomo, kumbe kitu chenyewe kina jina na watu wanakijua.

Akanieleza, na mimi nawaelezea kama nilivyoelewa. Mjamzito homoni zake zinapanda sana, zile za estrojeni na projesteroni. Zinafanya fizi zijae damu na ziwe na hasira ya haraka. Sasa ukiwa na uchafu mgando kwenye meno, ule ugaga, ufizi unaona kama umechokozwa. Mtu wa kawaida angevimba kidogo tu. Mjamzito ufizi wake unajibu kwa nguvu zote, na wakati mwingine unaotesha nyama yenye mishipa midogo midogo mingi ya damu. Ndiyo maana kinavuja ovyo, na ndiyo maana ule uzi wangu ulitaka kuniua. Mara nyingi kinaanza kuanzia mwezi wa nne na kuendelea, mara nyingi juu mbele, kati ya meno. Fizi kuvimba na kutoka damu tu wakati wa mimba ni jambo la wengi mno. Kinyama chenyewe kinawapata wachache, vitabu vinasema hadi kama 5 katika wajawazito 100. Ukifikiria kliniki moja ya Mbagala ina wajawazito wangapi kwa siku, utaona hao wachache si wachache.

Jina lake la kitabibu lilinichekesha. Kinaitwa granuloma ya payojeni, maana yake kinachotengeneza usaha. Dokta akasema hakina usaha wowote. Daktari mmoja wa Marekani, Hartzell, ndiye aliyelitumia jina hilo mwaka 1904, watu wakalizoea, likabaki. Kwa hiyo zaidi ya miaka 100 kitu kinaitwa jina la kosa ambalo hakijalifanya. Nikamfikiria yule mama wa dirishani. Halafu nikajifikiria mimi.

Kuhusu ya shangazi, dokta alitabasamu tu, inaonekana kayasikia sana. Akasema ganzi ya meno wanayotumia, ile ya lidokaini, mjamzito anachomwa bila shida, kazi ya dharura inafanyika mwezi wowote, na ile inayoweza kusubiri ni vizuri ikafanyika miezi ya katikati, wakati kichefuchefu kimepungua na tumbo halijawa kubwa la kushindwa kulala kwenye kiti. Alichonikataza ni kujinunulia vidonge dukani. Nikamwambia kuna muuza dawa alitaka kunipa tetrasaiklini. Akatikisa kichwa. Akasema hiyo mjamzito hatumii, inaingia kwenye meno ya mtoto yanayotengenezwa tumboni na kuyatia rangi.

Siku ile hakukata. Alinisafisha meno yote, akatoa ugaga mpaka chini ya fizi, akanifundisha kupiga mswaki kama mtoto wa chekechea: mswaki laini, kuinamisha kuelekea kwenye ufizi, polepole, asubuhi na usiku, hata kama damu inatoka. Nikamwambia dawa ya meno inanitapisha. Akasema basi piga na mswaki wenye maji tu, au weka dawa kidogo kama punje ya harage, lakini usiache. Na nikitapika, nisukutue na maji kwanza, nisikimbilie mswaki papo hapo, maana tindikali ya tumboni inalainisha jino na mswaki unalikwangua. Hata ule udongo alisema niuache. Akanipa wiki mbili. Fizi zikitulia na kinyama kikipungua, tunasubiri nijifungue, vingi vinanywea vyenyewe baada ya kujifungua. Kisipopungua, kinazuia kula na kinavuja, anakitoa.

Sasa katika hizo wiki mbili ndiyo kitu kilichoniuma kuliko kinyama chenyewe kikatokea. Usiku mmoja niliamka kwenda kukojoa. Kitandani niko peke yangu. Baba kijacho kakaa kwenye stuli karibu na kabati, kawasha tochi ya simu, anasoma kadi yangu ya kliniki. Ile sehemu ya majibu. Anaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta kosa la hesabu. Na yeye alikuwepo siku ile tunapima! Aliyasikia majibu kwa masikio yake, na nesi alituambia tuko pamoja. Lakini maneno ya dirishani yalikuwa yamemfikia na yeye.

Sikusema kitu. Nilirudi kitandani nikageukia ukutani. Mtoto alikuwa anacheza tumboni, na mimi nawaza: kama kesho kadi hii ingekuwa na majibu mengine, huyu mtu angekuwa wapi? Maana kuishi na virusi si dhambi. Akina mama wengi wanatumia dawa vizuri na wanazaa watoto salama. Kilichonitisha hakikuwa ugonjwa. Kilichonitisha ni jinsi neno moja la mtu asiyejua kitu linavyoweza kuingia chumbani kwako, likavua viatu na kukaa.

Wiki mbili zikaisha. Fizi nyingine zilikuwa zimetulia kweli, damu imepungua sana, ila kinyama kikabaki pale pale na kilikuwa kinagongwa na meno ya chini kila nikila. Dokta akasema tukitoe. Mimba ilikuwa na wiki 23.

Nawaambia ukweli kwa ajili ya nyie mnaoogopa. Alinilaza nusu, akakunja kanga yangu akaiweka chini ya nyonga ya kulia ili nielemee kushoto, tumbo lisikandamize mshipa mkubwa wa damu. Sindano ya ganzi ilichoma kama mdudu kaning'ata, basi. Baada ya hapo nilisikia kuvutwavutwa tu. Alikikata mpaka chini kwenye shina lake, akasafisha jino linaposhikana na ufizi, akashona nyuzi mbili, akanipa pamba niing'ate. Haikufika hata nusu saa. Kinyama kikawekwa kwenye kichupa chenye dawa, kikaandikwa namba, kwenda maabara. Akasema yeye ana uhakika wa macho, ila mdomoni vinaota vitu vingi vinavyofanana, na macho si kipimo. Kinachokatwa lazima kipimwe. Nikalibeba hilo neno: macho si kipimo.

Aliniandikia parasetamoli, maji ya uvuguvugu yenye chumvi kuanzia kesho yake, uji usio wa moto, na nisinyonye kitu kwa mrija. Akanionya pia kwamba kikikatwa ukiwa bado mjamzito kinaweza kurudi, kwa sababu homoni bado zipo. Kikirudi nisikimbie kwa mafundi wa uzi.

Kabla hatujaondoka, baba kijacho akauliza swali lake, sauti iko chini. Alikuwa amesoma mtandaoni kwamba ugonjwa wa fizi unafanya mtoto azaliwe njiti. Dokta akasema hilo wataalamu wamebishana nalo sana duniani. Akatuambia hapa hapa kwetu kuna watafiti, Mumghamba na Manji, waliolinganisha akina mama waliojifungua Muhimbili, waliozaa njiti wenye uzito mdogo na waliozaa kawaida, wakachapisha matokeo mwaka 2007, na hawakuona kwamba ugonjwa wa fizi ndio uliohusika. "Safisha fizi kwa ajili ya mama," akasema. "Msijitwishe na kesi ambayo hamjashtakiwa."

Tulivyotoka tukapanda bajaji. Kati ya Temeke na Mbagala foleni si unaijua. Katikati ya foleni akasema, bila kuniangalia, "Niliisoma kadi yako." Nikamwambia najua. Akasema, "Nisamehe. Kazini walinitania, nikashindwa kukaa nayo." Nikamwambia nimesamehe. Na nimesamehe kweli, ila siwadanganyi kwamba nimesahau. Miezi ya mwisho kliniki walipotaka kunipima tena kama wanavyofanya, alikuja bila kuitwa, akatoa mkono wake kwanza. Majibu ni yale yale.

Majibu ya maabara yalichukua kama wiki tatu. Wiki hizo tatu, naomba msinicheke, nilikuwa nasali kila nikipiga mswaki. Karatasi ilipokuja imeandikwa maneno mengi ya kizungu, dokta akaweka kidole kwenye mstari mmoja: si saratani. Nikatoka nje, nikapiga selfi pale pale kwenye benchi la wagonjwa, meno yote thelathini na mbili nje. Sikuiweka popote. Ilikuwa yangu.

Na kweli mwezi wa nane kikarudi kidogo, kama punje ya mtama. Safari hii sikukimbia wala kufunga uzi. Nilienda, akakiangalia, akanisafisha tena, akasema tukiache. Nikajifungua binti yangu salama salmini, na alipofikisha miezi miwili siku moja napiga mswaki nikapitisha ulimi na hakuna kitu. Kimeondoka chenyewe, hata hakijaaga.

Shangazi alikuja kunikanda maji ya moto, nikamsimulia yote. Alinifungua mdomo akachungulia kwa muda mrefu kama anakagua ng'ombe wa mnadani, halafu akasema, "Mbona hata kovu hamna." Sasa hivi yeye ndiye anayewaambia wajawazito wa mtaa wake waende wakaangaliwe meno. Ila ukimuuliza anasema yeye tangu zamani alikuwa anajua.

Sasa nije kwenye deni langu.

Ile posti ya mwaka juzi nimeifuta, pamoja na ile ya pili. Najua kufuta hakufuti skrini shoti za watu. Nilimwandikia yule dada ujumbe mrefu, nikaufupisha, nikautuma. Umeonekana umesomwa. Hajajibu, na hana deni la kunijibu.

Wengi wenu mtategemea niseme kumbe na yeye alikuwa na kinyama kama changu. Hapana. Sijui alikuwa na nini mdomoni. Labda kinyama, labda jino, labda alikuwa hajapaka lipstiki tu, labda alikuwa na huzuni ambayo hainihusu. Sijui, na sikujua hata siku ile naandika, na nilipaswa kuishia hapo. Mimi nilikuwa na kitu kidogo kisicho na madhara, na maneno ya watu watatu wa uani yalitosha kunifanya nijikate na uzi usiku wa manane na mtoto tumboni. Yeye niliwaletea ninyi, maelfu.

Kwa hiyo dada, kama utapita humu: samahani. Nilitumia mdomo wako kulisha mdomo wangu.

Na kwa mama kijacho unayesoma hii huku umeziba mdomo na kiganja: mswaki unaotoka na damu usisingizie ubuyu. Siku ya kliniki, hata kama hawajakuuliza, fungua mdomo mwenyewe waambie waangalie. Kikiota kitu, nenda kitengo cha meno, usisubiri kikue, na usimpe mtu wa uani nafasi ya kukipa jina.

Ubuyu wa Ijumaa utarudi, msijali. Mapenzi, ndoa, magari, vijembe vya majukwaani, vyote vitakuwepo. Ila miili ya watu humu imeisha. Anayeumwa, aliyenenepa, aliyekonda, aliyeziba mdomo, tutamwombea tukimjua na tutamnyamazia tusipojua.

Uwanja wa komenti ni wenu. Kama na wewe kilishakuota, au mke wako, au dada yako, tusimulie ulifanyaje, kuna mtu atasoma saa nane usiku na uzi uko mkononi. Majina ya watu msitaje. Atakayetaja nafuta, hata kama ni komenti yenye laiki mia.